Ukurasa wa Januari

Niseme mapema, mtu asije akanihurumia bure: ukurasa ule niliuandika mimi, kwa mikono yangu hii, mchana kweupe, wala hakuna aliyenishikia fimbo.

Jina langu Nibia Etcheverry. Kwa miaka ishirini na mitatu nilikuwa mwandishi wa miongozo katika ofisi ndogo ya programu za kompyuta hapa Montevideo, mtaa wa La Aguada, ghorofa ya pili juu ya duka la rangi. Programu yetu iliitwa Tropero. Kazi yake ni kupanga malori ya ng'ombe. Mfugaji ana ng'ombe arobaini wa kuuza, machinjio yanataka ng'ombe, dereva yuko barabarani na lori tupu. Tropero inawakutanisha hao watatu. Nchi hii ina ng'ombe wengi kuliko watu, kwa hiyo kazi haikuwahi kukosekana.

Mimi nilikuwa naandika namna ya kuitumia hiyo Tropero. Kurasa mia tatu na kumi na mbili, zimepangwa, zina faharasa, zina mifano. Na hakuna binadamu aliyezisoma. Sijidekezi, nasema kilichokuwepo. Mwaka mmoja hasira zilinipanda, nikachomeka katikati ya ukurasa wa mia moja na tisini namna mama yangu alivyokuwa akipika dengu, na karoti zake na soseji zake, nione kama kuna mtu atakuja kuniuliza. Miaka sita ikapita. Dengu zikabaki pale pale.

Kwa nini wasome, wakati Elbio yupo? Elbio Larrosa ndiye aliyeijenga Tropero tangu msingi. Alikuwa na miaka sitini na miwili, chupa ya maji moto kwapani, kibuyu cha yerba mkononi, yale majani machungu tunayokunywa hapa kama chai, na mrija wa fedha uliochakaa kwa kunyonywa. Ukikwama, unavuta kiti hadi mezani kwake. Anajaza kibuyu, anakupa, unanyonya, anakuelezea. Unarudisha kibuyu, anampa wa pili. Kufikia kibuyu cha tatu umeshaelewa, na wengine wawili waliokuja kunywa tu nao wameelewa. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi sisi. Mambo yalipita mdomo kwa mdomo, na mwongozo wangu ulitumika kuinulia skrini ya kompyuta ya karani.

Nilimwonea wivu. Tulipendana kama ndugu, nimekula kwake Jumapili nisizoweza kuhesabu, mkewe Chela ananijua hadi nambari ya kiatu, lakini wivu nilikuwa nao na nilikuwa naulisha.

Mwezi wa Oktoba ofisi ikauzwa kwa watu wa ng'ambo. Meneja wetu Fabricio, kijana mwenye adabu ambaye tai humkaba shingo kila akiivaa, akatuita sote saba.

"Wenye mali wapya wanataka kitu kimoja," akasema. "Wana mawakala wa akili mnemba. Yaani programu inayofanya kazi yenyewe: unaiambia nataka hiki, inasoma mwongozo, inafanya. Wanataka kujua kama wakala anaweza kuiendesha Tropero kwa kusoma mwongozo wetu peke yake. Bila kuuliza mtu."

"Asome mwongozo bila kuuliza mtu?" Elbio akasema, huku anamimina maji. "Basi huyo atakuwa wa kwanza."

Wote wakacheka. Mimi sikucheka.

"Kuna kazi hamsini, kila moja alama mbili," Fabricio akaendelea. "Kazi zenyewe wamezitoa kwenye kumbukumbu zetu za mwaka jana. Tunatakiwa tufikishe themanini na tano kabla ya tarehe ishirini Desemba. Dada Nibia atasimamia. Anampa wakala kazi, anasoma alichofanya, anaona mwongozo umepwaya wapi, anarekebisha, anampa tena."

"Na tusipofikisha?" nikauliza.

"Tusipofikisha, sioni kwa nini waendelee kuweka ofisi huku. Tukifikisha, tunabaki. Ndivyo ninavyoelewa."

Ndivyo ninavyoelewa. Maneno hayo niliyasikia vizuri kabisa na nikayapita, kama mtu anavyopita kibao cha barabarani anapoijua njia.

Jaribio la kwanza tulipata alama thelathini na nane. Niliketi kusoma kumbukumbu za wakala, maana kila anachofanya anakiandika na sababu yake, na uso ukaniwaka moto. Ukurasa wa kumi na nne nilikuwa nimeandika: subiri kidogo, kisha bonyeza tena. Kila mtu hapa anajua kidogo ni kiasi gani; ni muda wa kunywa kibuyu kimoja. Wakala alisubiri sekunde moja, akabonyeza. Akasubiri sekunde moja, akabonyeza. Alibonyeza mara mia nne, akatengeneza malori mia nne ya kwenda kwa mfugaji mwenye ng'ombe kumi na wawili. Mahali pengine kumi na tisa nilikuwa nimeandika: ukikwama, muulize Elbio. Wakala alikitafuta kitu hicho kila mahali, kisha akaandika: "Chombo kinachoitwa Elbio hakipatikani katika toleo hili."

Nilimsomea Elbio. Akacheka hadi akapaliwa.

"Mwambie chombo kipo, kina presha tu," akasema.

Lakini kulikuwa na mstari mwingine ambao sikumsomea mtu. Wakala aliandika: "Ukurasa wa 190 una maelezo ya kupika dengu. Yako wazi na hatua zake zimekamilika, lakini hayahusiani na kazi. Je, yaondolewe?"

Nilikwenda msalani nikajifungia. Nilikuwa na miaka sitini, mjane, mtu mzima na akili zangu, na nilisimama pale nikilia kwa sababu mashine imesoma ukurasa wa mia moja na tisini. Hata mume wangu marehemu, Mungu amrehemu, hakuwahi kufika ukurasa wa pili. Tangu siku hiyo sikumwita tena wakala. Nilimwita Msomaji.

Tatizo lilikuwa dogo kulisema na kubwa kulifanya: yote ambayo Msomaji aliyahitaji yalikuwa kichwani mwa Elbio. Nikavuta kiti hadi mezani kwake na daftari.

"Hapana," akasema, hata sijafungua mdomo.

"Sijasema kitu."

"Una daftari. Nibia, mimi nawe tusidanganyane. Ukishaandika yote niliyo nayo, mimi nitakuwa nani? Fanicha?"

"Fabricio amesema tukifaulu tunabaki."

"Fabricio akiambiwa leo ni Jumapili anavaa kwenda kanisani." Akanipa kibuyu. "Sikiliza. Nimebakiza miaka miwili. Miwili tu. Unajua ujanani mabosi wangu walinilipa mkononi, hawakuniandikisha popote. Kwa serikali miaka ile yote nilikuwa nimelala. Nina miaka ishirini na minane ya michango, pensheni inataka thelathini. Nikitoka hapa leo, nani ataniandikisha mzee wa miaka sitini na miwili? Nitakufa nikiuza betri sokoni."

Hilo nililijua. Ofisi nzima ililijua. Mimi miaka yangu, pamoja na ya kazi niliyofanya kabla ya hapa, ilikuwa imeshatimia. Ningeweza kuondoka siku yoyote nikalipwa hadi kufa. Wa kupoteza pale alikuwa yeye, na ndiyo maana nilimsukuma, au ndivyo nilivyojiambia.

"Kwa hiyo tusifaulu?" nikasema. "Tukae hapa tunanyonya mrija mpaka waje wafunge mlango? Elbio, nakuahidi, tukivuka themanini na tano una miaka yako miwili. Nitakaa juu ya meza ya Fabricio mpaka aiandike."

Akalisukuma daftari mbele yangu. Kisha akasema, "Andika."

Wiki saba tulikaa. Alisema, nikaandika. Kwa nini lori la ghorofa mbili halipewi safari ya zaidi ya saa sita. Kwa nini mfugaji akibadili idadi mara tatu unafuta yote na kuanza upya. Kwa nini kitufe kimoja kina rangi ya kijani lakini hakifanyi kitu. Alikiweka mwaka alipoachwa na mke wa kwanza, hakuwa na akili sawasawa. Kila jioni nilimpa Msomaji kurasa mpya, kila asubuhi nilikuta kumbukumbu zake. Alama zikapanda: hamsini na nne, sitini na sita, sabini na nane. Sijawahi kuwa na furaha kazini kama wiki zile. Nilikuwa naamka natamani kwenda kusomwa.

Elbio naye alibadilika, ila kwa upande mwingine. Watu waliacha kuvuta viti mezani kwake. Haikuwa dharau. Fabricio alikuwa amewawekea Msomaji kwenye kompyuta zao, wakimuuliza anajibu papo hapo, tena kwa adabu. Siku moja nilimwona Elbio amejaza kibuyu, amekishika, anatazama huku na huku atampa nani. Akanywa mwenyewe.

Mwanzoni mwa Desemba mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Mvua ikinyesha hapa kila nyumba inakaanga maandazi kwa mafuta ya ng'ombe, na Chela alimpakia Elbio mfuko mzima wa kuleta ofisini. Tulikuwa tunakula, vidole vinang'aa mafuta, Elbio akasema:

"Kuna kimoja sijakwambia."

"Kipi?"

"Januari."

Akafuta vidole kwenye suruali, jambo ambalo Chela angempigia kelele.

"Januari ni likizo ya kiangazi, nchi nzima iko ufukweni, sawa? Jiji linabaki na paka. Machinjio makubwa yanaendelea, lakini yale madogo kumi na mawili ya mikoani yanawapa watu likizo. Moja wiki ya kwanza, jingine wiki mbili, jingine mwezi mzima. Na hakuna anayeandika kwenye Tropero kwamba amefunga. Aandike kwa ajili ya nani? Kila mtu anajua ni Januari. Tropero inaonyesha yako wazi, inapeleka malori."

"Ala. Na malori yanafika kwenye lango lililofungwa?"

"Yangefika. Kila mwaka, tangu tarehe tano hadi thelathini na moja, mimi nakodi kibanda ufukweni Valizas, naamka saa kumi na moja alfajiri, nakaa na simu. Dereva ananipigia: Elbio, niende wapi? Namwambia Sarandí wamefunga, nenda Durazno; au subiri langoni, mlinzi anaitwa Wáshington, ana beseni la maji nyuma ya kibanda, mwombe, ng'ombe wanywe. Yote ninayo kichwani. Nani amefunga lini, nani ana maji, nani ana roho mbaya." Akanitajia yote kumi na mawili, moja baada ya jingine. "Chela anadhani naongea na madereva kwa kuwa nawapenda."

"Miaka yote hii? Na hatujui?"

"Mngejuaje? Mko ufukweni."

Nilikuwa nimeshachukua kalamu. Akaweka kiganja chake, na mafuta yake, juu ya daftari langu.

"Hiki usiandike," akasema. "Nimekupa vyote. Hiki niachie. Kama Fabricio amekosea, kama hawa watu wana yao, watakuja kugundua Januari kwamba wanamhitaji mzee mmoja mwenye simu. Ni hicho tu nilicho nacho. Niahidi."

"Nakuahidi," nikasema. Nilimaanisha. Naapa kwa kaburi la mama yangu, wakati ule nilimaanisha.

Tarehe kumi na tisa Desemba, siku moja kabla ya mwisho, tulikuwa na alama themanini na nne. Kazi nane zilikuwa zimeanguka. Saba kati ya hizo zilikuwa ni kasoro za Tropero yenyewe, hata ningeandika kama malaika nisingezisaidia. Ya nane ilikuwa kazi ya thelathini na saba: tarehe nane Januari, malori sita, ng'ombe mia mbili na kumi, wapelekwe machinjioni. Msomaji alipeleka yote sita Sarandí, kwenye lango lililofungwa. Na chini yake akaandika: "Matokeo si sahihi na sijui kwa nini. Nimesoma kurasa zote 388 mara tatu. Mwongozo haujasema chochote kuhusu Januari. Naamini kuna jambo ambalo mwandishi analijua."

Jambo ambalo mwandishi analijua.

Elbio hakuwepo; alikuwa amempeleka Chela kupima macho. Nilikaa mbele ya mstari ule. Niliwaza mambo mengi na mengine yalikuwa mazuri. Niliwaza ng'ombe mia mbili na kumi juani, midomo wazi, wakipigana pembe ndani ya lori. Niliwaza kwamba tukikosa alama moja mlango unafungwa na Elbio anapoteza miaka yake miwili, kwa hiyo kuvunja ahadi ndiyo namna ya kumwokoa. Yote hayo ni kweli, niliyawaza. Lakini kama ningekuwa napeleka mambo haya kwa padri, ningemwambia hivi: nilishindwa kuvumilia Msomaji afikiri kwamba mimi ndiye niliyesahau. Miaka ishirini na mitatu, hatimaye ninaye mmoja anayesoma, na mwongozo wangu una tundu, na tundu lenyewe nimeliacha kwa makusudi. Fahari ilinishinda. Ndiyo hiyo.

Niliandika ukurasa mmoja. Januari usiamini neno "wazi". Tumia jedwali lifuatalo. Machinjio kumi na mawili, majina, wiki za likizo, machinjio mbadala, jina la mlinzi, maji yako wapi. Nilivyokuwa nimesimuliwa mara moja tu, maandazi mkononi, nilivikumbuka vyote.

Msomaji alipata themanini na sita. Akaandika: "Asante. Sasa iko wazi."

Siku mbili baadaye Fabricio akatuita. Tai ilikuwa imelegea. Alikuwa na karatasi, na aliisoma bila kuinua macho. Kampuni inatupongeza. Mwongozo wa Tropero ni bora kuliko wa programu nyingine zote walizopima mwaka huu. Kwa kuwa sasa imethibitika kwamba Tropero inaweza kuendeshwa bila watu, ofisi ya Montevideo itafungwa tarehe thelathini na moja Desemba.

Chini, mwenye duka la rangi alikuwa anabishana na mteja.

"Ulisema tukifaulu tunabaki," nikamwambia.

"Nilisema ninavyoelewa." Akaivua tai kabisa. "Dada Nibia, hata mimi natoka. Jana ndiyo wamenionyesha mkataba wa mauziano. Vyama vya wafugaji, wateja wetu wakubwa, vilikubali ofisi iuzwe kwa sharti moja: maadamu programu haiwezi kwenda bila watu, watu wabaki. Kipimo chenyewe ndicho hizi alama. Chini ya themanini na tano, watu wanabaki. Nani angedhani? Haki ya Mungu, nani angedhani kwamba kufaulu ndiko kufukuzwa?"

"Wanabaki muda gani?" Elbio akauliza. Alikuwa karibu na dirisha. Aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza basi linaondoka saa ngapi.

Fabricio akapekua karatasi, ingawa nadhani alijua. "Miaka miwili," akasema. "Sharti lilikuwa la miaka miwili."

Sikuweza kugeuza shingo kumtazama Elbio. Nilitazama mikono yangu.

Karatasi za matokeo zilikuwa mezani. Watu walipoanza kutoka mmoja mmoja, Elbio alizichukua, akapitisha kidole. Kidole kikasimama.

"Kazi ya thelathini na saba," akasema. "Januari. Imefaulu."

Akaenda kwenye meza ya karani, akauvuta mwongozo kutoka chini ya skrini, akaona ni toleo la zamani, akaurudisha. Basi nilimpa wangu, uliotoka mashineni wiki ile. Nilimfungulia ukurasa mwenyewe, maana angehangaika. Hakuwahi kuushika mwongozo maishani mwake. Akavaa miwani. Akasoma wote, kidole kikishuka kwenye jedwali, midomo ikicheza.

"Umeandika vizuri," akasema.

"Elbio."

"Nasema kweli. Hata beseni la Wáshington umelitia. Hata mimi nisingelieleza hivi." Akavua miwani. "Uliniahidi, lakini."

"Nilidhani nakuokoa."

"Ulidhani." Akatikisa kichwa polepole. Kama angenitukana ningeshukuru. Tusi nalijua namna ya kulibeba. "Angalia bahati yangu. Ungekuwa mwandishi mbaya kidogo tu, mimi ningekula pensheni."

Akabeba chupa yake na kibuyu chake, akashuka ngazi. Wasemao maji yakimwagika hayazoleki hawajasema jinsi mtu anavyobaki amesimama katikati ya hayo maji. Nilibaki pale hadi karani akaja kuzima taa.

Niliandika barua kwa wenye mali wapya. Nilisema mwongozo una makosa, niliudanganya mtihani, wapime tena. Walijibu siku ile ile, kwa adabu sana, kwamba wamepima tena wenyewe na umepata themanini na nane.

Krismasi ikapita. Januari ikaingia na joto lake, jiji likahama. Mimi sikwenda popote. Tarehe kumi na moja simu ikalia, alikuwa Chela.

"Dada Nibia, samahani kukusumbua."

"Hunisumbui. Mko Valizas?"

"Valizas ya nani? Tuko nyumbani." Alishusha sauti. "Yuko uani, ndiyo maana nimepiga. Amezunguka kutafuta kazi, dada. Sehemu saba. Bandarini walimwambia watampigia. Duka moja kubwa wamempa kulinda magari, lakini bila kuandikishwa. Kama zamani. Anasema bora hivyo kuliko kukaa, na mimi nitasema nini?"

"Chela, mimi..."

"Sijapiga kukulaumu. Yeye mwenyewe hakulaumu, anasema ulifanya kazi yako. Nimepiga kwa jambo jingine." Nikasikia mlango ukifungwa. "Anaamka saa kumi na moja kila siku. Anachemsha maji, anakaa mezani na simu. Nimemwambia rudi ulale. Ananiambia ni Januari, madereva watapiga. Jana alinipa simu niitazame kama imeharibika. Unawajua wale madereva. Huwezi kumwambia mmoja ampigie? Mara moja tu. Hata kwa uongo."

Nilimwahidi. Midomo yangu ni myepesi kwa ahadi.

Dereva niliyemjua zaidi alikuwa Ademar, mtu wa Tacuarembó, ambaye kwa miaka kumi na saba alimpigia Elbio kila Januari. Nilimpata barabarani, nikisikia injini na ng'ombe nyuma yake.

"Dada Nibia! Heri ya mwaka mpya. Kuna nini?"

"Ademar, umeshampigia Elbio mwaka huu?"

"Elbio? Hapana. Mzima?"

"Mzima. Nakuomba umpigie. Kesho alfajiri."

"Nimpigie nimwambie nini?"

"Sema umekwama. Sema umefika lango limefungwa."

Alicheka, cheko la mtu mwenye roho safi. "Lakini sijakwama, dada. Ile mashine imeniambia mapema Sarandí wamefunga, nimepita Durazno, mlinzi kafungua, ng'ombe wamekunywa. Sijapoteza hata mmoja. Mwaka huu hakuna dereva aliyepoteza hata mmoja. Nitamdanganyaje mzee wa watu? Ataniuliza lango gani, niseme lango gani? Yeye anayajua yote."

Nikasikia akibadilisha gia.

"Hivi nani kaandika yale maelezo?" akauliza. "Maana yamekaa sawa. Hata Wáshington, juzi nilipopita kwake, kashangaa mashine inalijua beseni lake."

"Mimi."

"Kumbe! Basi hongera, dada. Umetupunguzia shida kweli kweli."

Nikamshukuru, nikamtakia safari njema, nikakata. Leo ni tarehe ishirini na nne, na Chela sijampigia. Kila siku saa kumi na moja alfajiri naamka, nakaa kitandani, nashika simu. Nambari ya Elbio ninayo. Sina lango la kumtajia.